Majani ya Kamba

Watu wakisikia napiga picha za chakula, hunitazama tumbo kwanza, kisha huuliza kama huwa naachiwa mabaki. Huwa naachiwa. Ninachoachiwa ni kahawa iliyopoa. Mikahawa ya Kilimani na Westlands ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba, na kila mkahawa ukibadilisha menyu unataka picha ya kikombe chenye ua la maziwa juu yake. Ua hilo halina maisha marefu. Ukirekebisha taa mara mbili, povu limeshapasuka na petali zimeingiliana, na barista anatengeneza kikombe kingine, na kingine. Mimi nililelewa na mama aliyeamini kwamba kumwaga chakula ni kukaribisha njaa, kwa hiyo vyote hunywa mimi. Usiku nalala South B nikihesabu mbwa wanaobweka.

Wenzangu wajanja hukwepa taabu hiyo. Kahawa nyeusi unayoiona kwenye tangazo huenda ni maji yaliyotiwa sosi ya soya, na povu lake ni sabuni ya vyombo. Aiskrimu ni viazi vilivyopondwa, maana viazi haviyeyuki chini ya taa. Maziwa kwenye bakuli la nafaka ni gundi nyeupe. Huko Marekani, kampuni ya supu ya Campbell iliwahi kuweka gololi za kioo chini ya bakuli ili mboga zipande juu zionekane nyingi, mpaka serikali ikaingilia kati, na mwaka 1970 ikakubali kuacha mchezo huo.

Mteja niliyekuwa naye safari hii hakutaka kusikia habari za gololi. Ni mama wa Mombasa anayeishi South C, anaandika kitabu cha mapishi ya Pwani, na alinipa sharti moja kabla hata ya kuzungumza bei: kila kinachopigwa picha kiliwe. "Mwanangu, sitaki mtu apike kitabu changu halafu atokwe na kitu chengine." Mapishi yenyewe ameyaandika kwa kalamu kwenye daftari, na kipimo chake ni kimoja tu, kiasi. Chumvi kiasi, tui kiasi, moto kiasi. Nilimwuliza kiasi ni kiasi gani. Akaniambia, "Kiasi chake."

Sharti nililikubali. Mvuke hatukuuzungumzia, kwa sababu mvuke hauliwi.

Sasa, mvuke una tabia mbaya. Biryani ikifunuliwa inafuka mpaka miwani yako inafunga ukungu, lakini kamera haioni kitu. Mvuke huonekana pichani ukiwa na kitu cheusi nyuma yake, na mwanga unaotokea nyuma kuumulika. Na ukishapanga vitunguu vya kukaanga, ukafuta ukingo wa sahani, ukasogeza ndimu, ukairudisha ndimu pale pale ilipokuwa, wali umeshapoa. Nairobi ndiyo mbaya zaidi. Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mombasa chakula huanza kupoa kutoka 100. Sisi tunaanza safari tukiwa tumeshapunjwa.

Dawa yake ni tamponi, ile pamba ya hedhi ya kina mama. Naam, hiyo hiyo. Unailowesha, unaipasha kwenye maikrowevu, unaificha nyuma ya sahani, nayo inafuka muda wa kutosha kupiga picha kwa utulivu. Pamba ya kawaida hupoa upesi. Tamponi imeshindiliwa, inashika maji mengi ya moto, na ile kamba yake inakuwezesha kuivuta bila kuungua vidole. Wapambaji wa chakula huko nje wameitumia miaka mingi. Si uvumbuzi wangu, na ningependa familia ya mke wangu iisome sentensi hii mara mbili.

Nikaenda kununua. Keshia akaniuliza kama nataka mfuko. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, mfuko ni wa kulipia, nami nikajifanya mtu wa kubana matumizi. Nikavuka mtaa mzima na paketi mkononi. Mlinzi wa geti, ambaye hajawahi kuniona nikipita bila kuniomba ya chai, siku hiyo alifungua geti lote na kuniambia, "Mpelekee haraka, mkubwa."

Nyumbani tulikuwa na mama mkwe. Alikuwa amekuja Nairobi kutolewa mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa chini ya bandeji, la pili lilikuwa linangoja zamu yake. Kwao ni Kimilili, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Ana mibuni yake huko, huchuma kahawa na kuipeleka kwenye kiwanda cha ushirika, na katika maisha yake yote hajawahi kuinywa. Yeye ni mtu wa chai. Aliposikia kwamba kikombe kimoja cha kahawa hapa mjini kinauzwa zaidi ya shilingi 300, alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akamwuliza mke wangu kama ndani yake huwa kuna nyama.

Alimwuliza mke wangu kwa sababu mimi na yeye hatuulizani. Sisi ni Wabukusu. Mtu na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawakai kochi moja, na mambo ya mwili hayatajwi kabisa. Nyumba ya vyumba viwili haina nafasi ya mila zote, kwa hiyo tulifupisha: akiwa na neno kwangu huliambia televisheni, hata ikiwa imezimwa, nami hulijibu pazia.

Siku ya biryani mke wangu alikuwa kazini. Mteja alifika asubuhi na sufuria zake, kuku wake, zafarani yake, hata mwiko wake, kwa kuwa wa kwetu aliutazama akaurudisha kwenye droo. Wali akaupika mbali, masala mbali, ndivyo biryani ya Pwani inavyotaka. Mimi sebuleni nikatundika blanketi jeusi nyuma ya meza. Mama mkwe akaiuliza televisheni ni nani amekufa. Nikaliambia pazia kwamba wote ni wazima.

Tamponi mbili nikazipasha, nikazificha nyuma ya sahani tupu nipime mwanga. Nyingine nilikuwa nimezitoa kwenye karatasi zake na kuzipanga juu ya kisahani cheupe, kamba zikining'inia ukingoni. Zilikuwa mezani, kando ya birika la maji moto na vikombe vya espreso ambavyo mkahawa mmoja ulikuwa umenikopesha kwa kazi nyingine. Ukiwa na jicho moja, na hilo moja lina ukungu, na umewahi kupewa chai ya majani ya kamba kwenye harusi ya watu wenye pesa, wewe ungefanyaje?

Nilikuwa nimeinama nyuma ya kamera niliposikia televisheni ikiambiwa, "Majani ya Nairobi hayatoi rangi."

Nikageuka. Mama mkwe ameketi wima, kikombe mbele yake, anachovya. Anachovya kwa adabu ya harusini, juu, chini, juu, chini. La kwanza lilikuwa limeshafura. Akatia la pili. Akangoja. Akaongeza sukari vijiko viwili, akakoroga, akatia la tatu. Kisha akakiinamisha kikombe mpaka karibu na lile jicho zima.

"Na maji yameenda wapi?"

Tamponi ya saizi kubwa imetengenezwa kunyonya gramu 9 hadi 12. Kikombe cha espreso kina mililita 60 hivi, na yeye alikijaza nusu tu kwa kuwa si mtu wa tamaa.

"Mama," nikaliambia pazia, "hayo si majani."

"Ni nini?"

Hapo nikayapekua maneno yote ninayoyajua, ya Kiswahili na ya Kibukusu, na hakuna hata moja ambalo mkwe angeweza kulitamka akabaki na mke. Nikasema ni vifaa vya kazi. Akauliza ni kazi gani. Nikasema ni vya kutoa mvuke.

"Kumbe ni dawa ya kifua!" akasema kwa furaha. Akaongeza maji moto, akajifunika leso kichwani pamoja na kikombe, akaanza kujifukiza. Alivuta pumzi ndefu sana.

Nikakimbilia bafuni kumpigia mke wangu.

"Mwambie mama yako aache kile kitu."

"Kitu gani?"

"Zile zenu."

"Zetu zipi? Niko mkutanoni."

"Za kila mwezi."

Kimya. Kisha, kwa sauti ambayo nadhani mkutano mzima uliisikia: "Mama amechukua mshahara wangu?"

Simu ikakatika. Nilipotoka, mteja alikuwa ametokea jikoni na sahani ya biryani, amesimama mbele ya ile leso inayopumua.

"Dada, una mafua?"

"Nilikuwa nayo," ikajibu leso. "Sasa nasikia nafuu. Jaribu nawe."

Akafunua, akamsogezea kikombe. Mteja akaiweka biryani chini. Akashika kamba moja kwa ncha za vidole, akainyanyua taratibu, ikatoka ikidondoka maji ya sukari.

"Subhanallah. Hiki nini hiki?"

"Majani ya baba watoto."

Mteja alinitazama. Akaitazama sahani tupu mbele ya blanketi jeusi. Akazunguka nyuma yake, akaziona zile mbili nyingine zikifuka kwa bidii. Nilidhani atabeba mwiko wake aende. Badala yake alivuta kiti, akaniashiria niketi.

"Mwanangu, sharti letu walikumbuka? Kila kinachopigwa picha kiliwe." Akanisogezea uma. "Haya. Bismillahi."

Baadaye alimchukua mama mkwe chumbani, wakafunga mlango. Nilisikia mnong'ono. Nilisikia kimya. Nilisikia neno moja la Kibukusu ambalo hakuna gazeti lingelichapisha, halafu kitanda kikilia kwa sababu mteja alikuwa amekiangukia kwa kicheko. Mama mkwe alitoka amejitanda leso uso mzima, akaiarifu televisheni kwamba biryani hataila. Atakula mkate, ule uliofungwa bado.

Picha tulipiga. Mteja mwenyewe aliuchunguza ule mvuke kwenye kioo cha kamera, akaguna, akasema ni kiasi chake. Ndiyo aliyoichagua kwa ajili ya kitabu. Ukiitazama vizuri, kando ya mnofu wa kuku kuna uzi mwembamba unaochungulia kutoka nyuma ya sahani. Nilitaka kuufuta. Akasema nikiufuta hanilipi; kila anayeuona humsifu kwa kutobania zafarani.

Desemba tulienda Kimilili. Mama mkwe anaona vizuri sasa kwa macho yote mawili, na kwake hakuna televisheni, kwa hiyo alizungumza na kalenda iliyokuwa ukutani. Chai ililetwa. Ya wengine ilikuwa imechujwa. Yangu ilikuja kwenye kikombe cha bati, majani yakielea juu yote, mengine yameng'ang'ania ukingoni.

"Mwambieni baba watoto asiogope," akaiambia kalenda. "Haya hayana kamba."