Mkipima viwanja, tuachieni njia ya kwenda mlimani

Jumamosi iliyopita nimekuta senyenge mahali ambapo miaka yote nimezoea kukuta mbuyu na mbuzi basi.

Niwaeleze ilivyo. Mimi wikiendi huwa natembea hapa Dodoma, huu mwaka wa nne sasa. Asubuhi na mapema napanda daladala za barabara ya Iringa, nashuka Mpunguzi, naiacha lami, nafuata njia ya miguu inayopita katikati ya mashamba ya zabibu mpaka chini ya kilima, napanda, nakaa juu kwenye mawe nakunywa maji yangu, alafu nashuka upande wa pili narudi barabarani. Masaa manne hivi ukienda bila haraka. Sasa juzi nafika pale kwenye mbuyu nakuta nguzo mpya za zege na senyenge mistari mitano, na ile njia unaiona kabisa inaendelea huko ndani ya uzio, nyembamba, nyeupe kwa kukanyagwa, yaani imekatwa pale kama mtu amekata kamba. Wakati nashangaa akaja mama mmoja na ndoo ya maji kichwani, akaniangalia, akasema "zunguka baba, sa hivi tunazunguka", akaingia kwenye miiba ya migunga na ndoo yake, kwa hatua ndogo ndogo ili maji yasimwagike.

Imeniuma, siwafichi.

Sina ugomvi na mwenye kiwanja. Kanunua, kapimiwa, kalipia, ana haki ya kuzungushia. Mimi nazungumzia kinachotokea kabla hajanunua, pale wapimaji wanapokuja na vyombo vyao na mchoro unatoka una barabara za magari nzuri tu, zimenyooka, ila njia ya miguu haipo, kwa sababu kwenye karatasi njia ya miguu siyo kitu. Na Dodoma sa hivi inapimwa kila kona. Sensa ya 2012 jiji hili lilikuwa na watu laki nne na kidogo, ya 2022 ikakuta zaidi ya laki saba na nusu, na hapo katikati serikali ikahamia kweli kweli baada ya ule uamuzi wa 1973 wa kuifanya Dodoma makao makuu kusubiri miaka na miaka. Watu wanahitaji pa kukaa, naelewa, na mimi mwenyewe nimepanga nyumba ambayo zamani ilikuwa shamba la mtama la mtu. Lakini mji unaokua hivi usipoamua leo njia zipi zibaki, ukija kushtuka hamna hata moja.

Watu wakisikia Dodoma wanafikiria ukame, vumbi na upepo. Vyote vipo, mvua yenyewe kwa mwaka haifiki milimita 600 na ikishakata mwezi wa nne inakuwa imekata. Ila nenda mwezi wa tano ukapite kwenye hizo njia. Vilima vyetu ni vya mawe, majabali makubwa yamepandana, pimbi wamejianika juu wanaota jua, chini mibuyu inaanza kupukutisha majani, udongo mwekundu unashika kichanga, na katikati ya huo ukavu unakuta mistari ya mizabibu kwenye nguzo na waya. Kuna babu mmoja huwa namkuta shambani kwake, siku moja alikuwa anapogoa, nikamsalimia shikamoo babu, akaitikia marahaba mjukuu wangu, njoo uone. Akakata tawi kwa mkasi, akaniambia subiri. Nikasubiri. Pale alipokata pakaanza kulowa, likajikusanya tone, likaning'inia, likadondoka, likaja lingine. Maji masafi kabisa. Akasema mzabibu unalia, na ukilia ujue umeamka. Nimesimama pale kama dakika kumi naangalia mti unadondosha maji na mvua ilishaondoka.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka. Huku hamna baridi ya kuulaza mzabibu usingizi kama Ulaya, kwa hiyo mkulima ndiye anayeuamsha kwa mkasi, anapogoa baada ya mvua anavuna mwezi wa nane au wa tisa, anapogoa tena anavuna mwanzoni mwa mwaka. Kitu kama hicho huwezi kukiona ukiwa ndani ya gari kimefungwa vioo. Lazima uwe kwa miguu, na lazima njia ipite karibu na shamba la babu.

Wenzetu hili walishaliona. Kule Ujerumani kuna bonde la mto Ahr, wanalima zabibu kwenye miteremko ya milima, wana njia ya miguu inayopita juu juu ya mashamba kwa kama kilomita 35, kijiji hadi kijiji, imewekewa alama ya kichala cha zabibu nyekundu ili mtu asipotee, na chini bondeni kuna reli, ukichoka unateremka kijiji chochote unapanda treni unarudi. Ukiangalia, cha ajabu ni kipi hapo? Njia, alama, usafiri wa kurudi. Sisi njia tunazo, zimechongwa na miguu ya watu na kwato za ng'ombe tangu enzi za mababu wa Wagogo. Usafiri wa kurudi upo, daladala na bodaboda barabara yote ile. Na mizabibu ipo, Mpunguzi, Mbabala, Matumbulu, Bihawana kule wamisionari wa Kikatoliki walikoanza mapema kuotesha zabibu, ukienda upande wa Chamwino unakuta Mvumi na Handali, ukienda upande mwingine unakuta Hombolo na Makutupora penye kituo cha utafiti wa zabibu. Kinachokosekana ni alama tu na mtu wa kusema hii njia isizibwe.

Kuna rafiki yangu aliniambia hayo ni mambo ya watu wenye muda, mkulima ana shida ya soko wewe unamletea habari za matembezi. Nimelifikiria sana hilo. Ni kweli kuna misimu zabibu zinaiva na mnunuzi haonekani, nimeona kwa macho yangu makreti yamekaa kwenye kivuli nyuki wameyajaa na mwenye shamba kakaa pembeni kashika tama. Zabibu haisubiri kama mahindi. Lakini ndo maana nasema njia. Mimi peke yangu kwa mwaka huwa nanunua zabibu, ubuyu, mayai ya kienyeji, na mchuzi wa zabibu kwenye chupa, yaani maji ya zabibu zilizokamuliwa, na vyote hivyo nanunua mlangoni kwa mtu, bei ya kwake, hamna dalali. Wakipita watu ishirini kila Jumamosi hawamalizi shida ya soko, sidanganyi mtu, ila mama anayeuza ugali wa uwele na mlenda pale chini ya kilima atakuwa na wateja, na vijana wa pale watapata kazi ya kuongoza wageni kama inavyofanyika Kolo kule Kondoa kwenye michoro ya mapangoni.

Na sisi watembeaji tuwe na adabu, kwa kweli. Nimewahi kuongozana na kikundi cha vijana wa mjini wakawa wanachuma zabibu za watu wakipita, nikawakatalia palepale. Kwanza ni wizi. Pili lile shamba limepigwa dawa dhidi ya ukungu, unaziona zabibu zina unga unga unafikiri ni vumbi kumbe ni salfa. Piteni kwenye njia, msikate katikati ya mistari, salimieni. Ukisema "mbukwenyi" tu, salamu ya Kigogo, mtu anaacha jembe anakuja kukuonyesha njia fupi.

Kule vijijini nadhani ni rahisi zaidi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua ardhi ya matumizi ya wote, kwa hiyo mkutano mkuu wa kijiji ukikaa ukasema njia hii ya mlimani ni yetu sote, inaingia kwenye mpango. Huku kwenye kata za jiji ndo pa kukimbilia, maana mchoro ukishapita imepita. Mita mbili tu jamani, kwenye mchoro wenye barabara ya mita kumi, mita mbili zinamnyima nani kiwanja?

Nimerekodi njia nzima kwenye simu, kuanzia lami mpaka juu ya mawe na kushuka kwake, pamoja na kile kipande kilichozibwa. Jana nimempigia mwenyekiti wa mtaa, kaniambia nije Jumatano jioni na ramani yangu, na nije na wazee wanaoijua. Babu wa mizabibu amekubali kuja. Yule mama wa ndoo sijui jina lake, lakini kisima ninakijua, nitamsubiri hapo.