Shule zikifungwa tena, vikundi vya jioni vifunguliwe lini?

Kila panapozuka ugonjwa au mafuriko, Kenya hurudia mjadala uleule: shule zifungwe, na zikifungwa zifunguliwe lini? Mabishano huwa kati ya darasa na nyumbani, kana kwamba mtoto hana pengine pa kusomea. Lakini kuna tuisheni ya jioni, kuna madrasa baada ya alasiri, kuna jirani aliyemaliza kidato cha nne anayewaelekeza watoto wa mtaa hesabu barazani kwake. Vikundi hivi hufungwa pamoja na shule bila mtu kuvifikiria, na kufunguliwa kwake hakupangwi na yeyote. Kwa maoni yangu ndivyo vingetangulia kufunguliwa, kabla ya madarasa. Wanaopinga hata hivyo wana hoja nzito, na moja kati ya hizo bado inanisumbua.

Tuanze na mwaka 2020. Shule zilifungwa Machi kwa sababu ya korona. Gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 walirudi Oktoba 12, waliobaki wakangoja hadi Januari 4, 2021. Hata Julai, ibada ziliporuhusiwa tena kwa masharti, madrasa na shule za Jumapili ziliendelea kufungwa. Muda huo wote Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilirusha masomo kwa redio, runinga na intaneti. Lakini kwa sensa ya 2019, nyumba zenye kompyuta au tableti zilikuwa asilimia 8.8 tu, na zenye redio hazikufika asilimia 60. Shirika la Uwezo lilipouliza wazazi mwaka huo wa 2020, lilikuta kwamba watoto 22 tu kati ya 100 ndio waliokuwa wakipata masomo ya kidijitali.

Hata pale redio ilipokuwepo, mambo hayakuwa rahisi. Kisauni, Mombasa, niliwaona watoto watatu wa rika tofauti wakisikiliza kipindi kimoja cha hesabu, mama yao akikaanga viazi karai vya kuuza hatua mbili kutoka walipoketi. Mwalimu wa redioni akasema waandike jibu, akanyamaza kidogo, akaendelea na swali jingine. Mdogo alikuwa bado anachonga penseli. Mkubwa alikuwa akingoja zamu ya gredi yake, na kufikia saa hiyo atakuwa ametumwa dukani. Sina lawama kwa mwalimu yule, alifundisha vizuri. Ila hakuwa na namna ya kujua kwamba hakuna aliyeandika chochote.

Kinachokosekana katika masomo ya mbali ni mtu mzima wa kulitazama daftari. Botswana walijaribu kuziba pengo hilo kwa simu ya kawaida, hata kabambe, ile ndogo ya vitufe. Familia zilizotumiwa ujumbe mfupi peke yake hazikunufaika sana, lakini watoto waliopigiwa simu na mwalimu kila wiki kwa kama dakika 20, wakafanyishwa mazoezi wakiwa na mzazi pembeni, walisonga mbele katika hesabu. Sierra Leone nao walijaribu simu za walimu, na watoto hawakuonyesha kupata zaidi ya wenzao. Kwa hiyo simu inaweza kusaidia, lakini siwezi kumwambia mzazi aitegemee peke yake. Kikundi cha watoto wanane na kijana mmoja mwenye subira, wakisikiliza redio ileile kisha wakarudia pamoja, kinampa mtoto kile ambacho redio haiwezi kumpa.

Sasa upande wa pili. Hoja ya kwanza ni ugonjwa wenyewe. Watoto wengi hawakuugua sana kwa korona, lakini waliishi na bibi na babu, na kikundi cha watoto wanane huunganisha nyumba nane. Hilo ni kweli. Hatari hiyo hupungua watoto wakiwa walewale kila siku, tena wakikaa nje, kwa sababu korona ilisambaa zaidi kwa hewa ya ndani iliyofungika. Denmark ilipofungua shule Aprili 15, 2020, ilianza na watoto wadogo, katika makundi madogo yasiyochanganyika, na ikawatoa nje kadiri ilivyowezekana. Sisi kivuli cha mwembe tunacho tayari.

Lakini magonjwa hayafanani. Uganda ilipopigwa na Ebola mwaka 2022, ilifunga muhula wiki mbili mapema, na sioni kosa. Ebola huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa na huua, watoto wakiwemo, na kijana wa barazani hana kipimajoto wala mafunzo ya kumtenga mtoto mwenye homa. Hapo mimi niko na wanaofunga kila kitu.

Hoja ya pili ndiyo inayonisumbua. Shule, pamoja na udhaifu wake wote, ina mwalimu mkuu, ina geti, na ina walimu waliosajiliwa wanaoweza kufutwa wakivunja heshima ya mtoto. Sebule ya mtu haina hayo. Mzazi anayemkatalia binti yake kwenda kusomea nyumba ya mtu asiyemjua vizuri yuko sahihi kabisa. Wakati huohuo, kutokuwa mahali popote nako hakumlindi. Sierra Leone ilifunga shule kwa Ebola hadi Aprili 2015, wasichana wengi wakapata mimba, kisha serikali ikawazuia wenye mimba zinazoonekana kurudi darasani, na katazo hilo likadumu hadi Machi 2020. Uganda ilikaa wiki 83 shule zikiwa zimefungwa kabisa au kwa sehemu, na wengine walipoitwa tena Januari 2022 walikuwa tayari wameolewa au wako kazini.

Ya tatu ni sheria na pesa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni ya likizo, kwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja. Sababu yake ni njema: wazazi walikuwa wakikamuliwa na watoto hawapumziki. Lakini mwaka 2020 mwenye uwezo alimwita mwalimu nyumbani kwake na hakuna aliyebisha hodi. Kikundi cha maskini ndicho kiko barazani, mbele ya macho ya kila apitaye.

Waziri wa elimu wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, alijaribu njia ya kati: walimu wawakusanye wanafunzi wanaoishi karibu nao na kuwafundisha huko huko mitaani. Mzazi mmoja akaenda mahakamani na Mahakama Kuu ikausimamisha mpango huo. Wazo nililiunga mkono na bado naliunga mkono, ila lilishushwa kutoka juu na wizara ileile iliyokuwa imetangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea. Wazazi waliuliza: kama chini ya mti ni salama, darasani kuna nini? Lilikuwa swali la haki, na jibu lake, kwamba kikundi ni kidogo na kiko nje, halikuelezwa kwa subira hata mara moja.

Kwa hiyo ninachotaka si ruhusa ya jumla. Sheria ya tuisheni iongezwe kipengele cha dharura, kinachoruhusu vikundi visivyotoza ada, vyenye watoto walewale, mahali pa wazi, na watu wazima wawili wanaojulikana kwa mwalimu mkuu na kwa chifu. Vijana wa kuvisimamia walipwe. Mwaka huohuo wa 2020 serikali ilipata pesa za kuwalipa vijana wa Kazi Mtaani kuzibua mitaro, na miongoni mwao walikuwemo waliomaliza sekondari. Madrasa ziingizwe kwenye mpango tangu mwanzo, maana zina majina ya watoto, zina mwalimu anayejulikana, na nyingi zina ua.

Kila mwalimu mkuu aandike muhula huu, shule zikiwa wazi, ni mtoto gani anaishi karibu na nani, na ni namba gani ya simu inayopatikana nyumbani kwao. Mwaka 2020 tangazo lilitoka Jumapili, na Jumatatu shule za kutwa zilikuwa zimefungwa.