Dawa bado zimo udongoni

Mvua ya kwanza ikigusa ardhi kavu, harufu ile tamu inayopanda puani hutokana na jeosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, hasa jamii ya Streptomyces. Ni jamii hiyo hiyo iliyotupa streptomaisini mwaka 1943, dawa ya kwanza ya antibayotiki kuiweza kifua kikuu. Kila nikiinusa nakumbuka kwamba dawa nyingi zilizotuponya zilichimbwa chini ya nyayo zetu.

Ndiyo maana naumia nikisikia kwamba antibayotiki mpya zimekwisha. Hazijaisha, tumechoka kuzitafuta. Bakteria wengi wa udongoni hugoma kuota maabara, na kampuni zilipochoka kukutana na walewale kila siku, zikafunga virago.

Kumbe dawa ya mgomo ni kuwarudisha kwao. Watafiti wa Marekani walitengeneza kijibamba chenye vitundu vidogo mno, kila kitundu kikipata kama bakteria mmoja, wakakifunika kwa utando unaopitisha virutubisho, kisha wakakifukia tena udongoni. Bakteria wakaota kana kwamba hawajahamishwa! Hapo ikapatikana antibayotiki mpya, teixobactin, iliyotangazwa 2015. Hung'ang'ania mafuta ambayo bakteria huyatumia kujenga ukuta wake, na kwa kuwa mafuta hayo si protini, si rahisi bakteria kuyabadilisha ili aikwepe dawa. Huua hata Staphylococcus sugu, bakteria asiyesikia tena dawa za kawaida.

Kundi la Gerry Wright, Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, lilitumia subira tu: bakteria wa udongo waliachwa waote karibu mwaka mzima, hata wale wa polepole wakajitokeza. Mwaka 2025 likatangaza lariocidin, ambayo kwenye panya ilimshinda hata bakteria mwingine sugu, Acinetobacter.

Kinachonisumbua zaidi ni pesa. Antibayotiki mpya inafaa itumike kwa nadra ili isizoeleke, na kitu cha nadra hakilipi. Kampuni ya Achaogen iliidhinishiwa dawa yake plazomicin mwaka 2018. Mwaka uliofuata ikafilisika. Kwangu mimi, dawa hizi zilipiwe kama zimamoto, ambao hawalipwi kwa kuhesabu nyumba zilizoungua. Uingereza imeanza: hulipa ada ya kila mwaka kwa baadhi ya antibayotiki, zitumike sana au kidogo. Serikali nyingine zinangoja nini, ilhali mwaka 2019 pekee usugu wa bakteria dhidi ya dawa uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27?