Niachieni Nyuzi Zangu 78

Wacheza gemu hawaishi kuulizana: "Kadi yako inafika nyuzi ngapi?" Ni kadi ya picha hiyo, ile inayochora gemu kwenye skrini ya kompyuta, na nyuzi ni za joto lake kwa Selsiasi. Anayejibu 60 hutembea kifua mbele. Anayejibu 80 hupewa pole kama mgonjwa, kisha hupangiwa kazi: fungua kasha la kompyuta, badilisha pesti inayopitisha joto kutoka kwenye chipu, ongeza feni. Yangu hufika 78 baada ya saa nzima ya kucheza na hukaa papo hapo mpaka nichoke mimi. Pole sizihitaji. Nimewahi kuishi na nyuzi 62, na huko sirudi.

Zile 62 nilizipata kwa ubabe. Nilifungua MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, nikachora mstari wa feni unaopanda kama ukuta: joto likigusa 50 feni ziende asilimia 70, likigusa 60 ziende 90. Namba ikashuka, nikajipongeza. Wiki ya pili nikagundua kwamba kila jioni naongeza sauti ya hedifoni kuliko jana yake. Nyayo za adui anayeninyemelea kwa nyuma zilikuwa zimemezwa na mvumo. Kilichonishtua hasa kilikuja usiku mmoja nilipozima kompyuta. Kimya kiliingia chumbani ghafla, nikahisi mabega yanashuka. Kumbe saa nne zote mwili ulikuwa umejikaza na mimi sina habari.

Baada ya kama mwaka mmoja, feni moja ikaanza kukwaruza kila inapoamka. Beringi imechoka. Katika kadi nzima vitu vinavyozunguka ni feni tu, na ndizo zinazochakaa mapema. Nilikuwa nimezitesa ili kuilinda chipu ambayo haikuomba ulinzi.

Maana chipu hujilinda yenyewe. GeForce RTX 3080, ambayo ndiyo kadi ninayotumia, kampuni ya NVIDIA iliyoibuni imeiwekea kikomo cha nyuzi 93. RTX 4090 ina 90. Ikikaribia hapo hupunguza kasi yake, na joto likizidi kupanda kadi hujizima kabla ya kuungua. Mwaka 2019 wenye kadi za Radeon RX 5700 XT walipoingiwa na hofu, kampuni yake AMD ilijibu kwamba nyuzi 110 kwenye sehemu ya chipu yenye moto kuliko zote ni jambo la kutarajiwa wakati wa kucheza na liko ndani ya mipaka. Mia moja na kumi! Mimi nisingependa kuiona namba hiyo kwenye skrini yangu, sisemi uongo, lakini waliotengeneza chipu ndio wanaoijua.

Je, joto halina hasara yoyote kabla ya kikomo? Lipo punguzo dogo. Kadi za siku hizi hushusha kasi hatua kwa hatua kadiri zinavyopata moto. Kwangu, kutoka 62 hadi 78 ilikuwa tofauti ya makumi machache ya megahezi kati ya karibu 1,900. Nilikaa nikizitafuta fremu (picha ambazo kadi huchora kila sekunde) nilizopoteza kama mtu anayetafuta sindano mchangani, sikuziona.

Sasa tuitazame kelele, maana hapa ndipo hesabu inapowageuka wapenzi wa baridi. Feni ikizunguka mara mbili zaidi, hewa inayopita huongezeka takriban mara mbili. Kelele haifuati mwendo huo: hupanda kwa kama desibeli 15. Na sikio la binadamu huhesabu kila desibeli 10 kama sauti iliyoongezeka maradufu. Kwa hiyo kutoka mizunguko 1,500 kwa dakika hadi 3,000, unapata hewa maradufu na makelele karibu mara tatu. Joto nalo? Linashuka vizuri mwanzoni, kisha kila nyuzi moja ya ziada inakuwa ghali kuliko iliyotangulia, kwa sababu kikwazo kimeshahamia kwingine: pesti, shaba, hewa yenyewe ya ndani ya kasha. Zile nyuzi nne au tano za mwisho ndizo watu wanazojivunia, na ndizo zinazowakausha masikio.

Ugonjwa wenyewe ni wa zamani. Mwaka 2003 NVIDIA ilitoa GeForce FX 5800 Ultra yenye kipoza kilichovuma mpaka watu wakaibandika jina la "Dustbuster", yaani kile kifyonza vumbi cha mkononi, na kampuni yenyewe ikaishia kutengeneza video ya kuichekesha kadi yake. Mwaka 2010 ikaja GTX 480 ya wati 250, utani ukawa wa kukaanga mayai. Siku hizi 250 ni ya wastani: RTX 3080 ni wati 320, RTX 4090 ni 450. Vipoza vimenenepa, feni zimeongezeka, nyingine husimama kabisa kadi ikiwa haina kazi. Tumebaki sisi na desturi yetu ya kukimbilia feni kwanza.

Feni haiui joto, hulihamisha tu. Hilo lingeandikwa kwenye boksi la kila kadi ningefurahi. Wati 320 zinazoingia kwenye kadi zote hutoka zikiwa joto, ziwe zimetoka kwa kishindo au kimyakimya. Zinatoka kwenye kadi zinaingia kwenye kasha, kutoka kwenye kasha zinaingia chumbani, na wewe umekaa humo humo. Ndiyo sababu majaribio ya dakika kumi yananiudhi. Dakika ya kumi chuma bado kinameza moto, kasha bado lina hewa ya awali, kila kitu kinapendeza. Njoo dakika ya arobaini. Chumba kikipanda nyuzi nne, kadi nayo itapanda takriban nne, na hakuna feni itakayoishusha chini ya joto la hewa inayoivuta. Ukitaka kujua hali ya kadi yako, cheza gemu lako zito saa nzima mlango ukiwa umefungwa, ndipo usome namba.

Kwa hiyo mimi nililifuata joto kule linakozaliwa. Umeme unaoliwa na chipu hufuata kasi yake mara volti yake ya kipeo cha pili, na hicho kipeo cha pili ndicho rafiki yetu. Shusha volti kutoka 1.05 hadi 0.9 bila kugusa kasi, na sehemu hiyo ya umeme inapungua kwa zaidi ya robo. Nilikaa jioni mbili na mstari wa volti ndani ya Afterburner, gemu likianguka napandisha kidogo, likitulia nashusha tena. Nikatua kwenye megahezi 1,800 kwa volti 0.9. Wati 320 zikawa karibu 260. Asiye na subira ya mstari wa volti na avute kitelezi cha kikomo cha umeme hadi asilimia 80, ni kazi ya sekunde tano. Atapoteza fremu chache kuliko anavyodhani.

Baada ya volti, fremu. Skrini yangu huonyesha fremu 144 kwa sekunde, na kadi ilikuwa ikizalisha 200 na ushei, zile za ziada zikigeuka joto tupu. Menyu ndizo mbaya kuliko mapambano: hakuna cha kuchora, basi kadi hutimua mbio mamia ya fremu kwa ajili ya picha iliyosimama. Gemu la StarCraft II lilipotoka mwaka 2010 lililalamikiwa kwa kuzipasha moto kadi kwenye menyu. Mwaka 2021, wakati wa majaribio ya New World, gemu la Amazon, baadhi ya kadi za RTX 3090 zilikufa kabisa, na Amazon ikaweka kikomo cha fremu kwenye menyu. EVGA, mmoja wa watengenezaji wa kadi hizo, baadaye ikaeleza kuwa kadi zake zilizokufa zilikuwa na kasoro ya ulehemu, kwa hiyo lawama hazikuwa za gemu peke yake. Mimi nimeweka kikomo cha 120. Ule mluzi mwembamba wa koili (nyaya za umeme zilizoviringwa ndani ya kadi), ambao hata feni zikizimwa husikika, nao ukapungua.

Jambo la tatu watu hulidharau: sauti isiyobadilika husahaulika, inayopanda na kushuka haisahauliki. Feni inayoruka kutoka asilimia 40 hadi 60 kila mlipuko unapotokea kwenye gemu itakuchosha kuliko inayokaa 50 muda wote. Kwa hiyo mstari wangu sasa ni bapa: kutoka nyuzi 60 hadi 80 feni hazivuki asilimia 45. Juu ya 80 zina ruhusa ya kupiga kelele, maana hapo kuna neno.

Vumbi nalo lisafishwe, bila shaka. Zuia feni kwa kidole unapopuliza isije ikazunguka ovyo. Kufungua ubavu wa kasha kunasaidia baadhi na kunaleta kelele kwa wote.

Kuna namba ambazo hata mimi huziogopa. Ukifungua HWiNFO, programu ya kusoma joto la kompyuta, utaona sehemu yenye moto kuliko zote imeandikwa peke yake. Ikizidi wastani wa chipu kwa nyuzi 10 au 15, nenda ukacheze. Ikizidi kwa 30, pesti imekauka au imesukumwa pembeni, au kipoza hakikukaa sawa, na hapo kuongeza feni ni kumpepea mwenye homa. Memori za GDDR6X nazo, za kwenye 3080 na 3090, huanza kujipunguza zikikaribia 110 hata kama chipu yenyewe iko 65. Mmoja wa wale waliokuwa wakinionyesha 60 zao kwa fahari hakuwahi kutazama memori yake. Tulipoifungua HWiNFO pamoja ilikuwa 106.

Wenye laptopu msinishike maneno. Kwenu chipu zote hugawana kipoza kimoja chembamba na kibodi inapata moto chini ya vidole, kwa hiyo 78 yenu na 78 yangu si ndugu. Kikomo cha fremu tu ndicho ningewashauri bila kusita.

Feni iliyokwaruza nimeibadilisha. Sasa usiku, kadi ikiwa kwenye 78 yake, kelele kubwa kuliko zote chumbani inatoka kwenye feni ya pawasaplai, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme, ambayo miaka yote hii sikujua kama inasikika.