Mlinunua Sanduku la Hewa

Jumamosi nilikuwa Kibirizi, hapa Kigoma, nimepiga goti sakafuni kwenye ofisi ya kikundi fulani cha wauza dagaa, bisibisi mkononi, nafungua kompyuta ambayo niliwakataza wasiinunue. Kikundi sikitaji. Wanajijua, na mwenyekiti wao huwa anasoma hapa. Shikamoo, mzee.

Kifuniko kilipotoka tu, akatoka mjusi. Mjusi mzima, mwenye afya zake, akapanda ukutani na kugeuka kututazama kana kwamba sisi ndio tumevamia kwake. Ameacha mayai mawili chini ya feni na vumbi jekundu la kutosha kukandika kibanda. Na zaidi ya hapo? Hewa. Bodi imebandikwa upande mmoja, hadi disiki iko kwenye kona, pawa saplai iko juu, na katikati uwanja mtupu ambao ungeingiza sufuria ya ugali wa watu wanne. Sanduku lile lilibebwa na vijana wawili kutoka stendi, wakalipwa nauli ya mzigo, na ndani yake kompyuta yenyewe haifiki robo.

Niwarudishe nyuma kidogo. Miezi miwili iliyopita kikundi kiliniita kwenye kikao kwa sababu mimi ndiye mwenye stesheneri pale Mwanga, na huku kwetu mwenye stesheneri ndiye fundi, ndiye karani, na siku nyingine ndiye wakili. Walikuwa na laki nne. Walitaka kompyuta ya kuandikia michango ya wanachama, kuprintia risiti na kutumia barua pepe. Basi. Hakuna aliyesema anataka kurusha roketi.

Nikawapelekea mini. Mnazijua, zile ndogo za ofisini: Dell wanaziita OptiPlex Micro, HP wana EliteDesk Mini, Lenovo wana ThinkCentre Tiny. Sentimita 18 kwa 18, unene 3.5, uzito wa kilo moja na ushee. Nikaiweka mezani. Kimya. Mwenyekiti akaiinua kwa mkono mmoja, akaipandisha na kuishusha kama mtu anayeitilia shaka kilo ya sukari ya dukani.

"Mwanangu, hii ndiyo kompyuta au king'amuzi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mweka hazina naye akaongeza lake, kwamba hawezi kuwaeleza wanachama laki nne imeishia kwenye kitu kinachoingia kwenye mkoba wa mke wake. Nikarudishiwa mzigo wangu kwa heshima zote, soda nikanywa. Wiki ileile wakaagiza lile lidude, mtumba, kwa hela ileile. Nilipouliza sababu nikaambiwa: "Lile limejaa."

Limejaa mjusi.

Nimekaa na hilo neno moyoni miezi miwili, kwa hiyo leo mnivumilie. Uwezo wa kompyuta haukai kwenye bati. Lile sanduku lao lina prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Intel i5 ya kizazi cha 2, kitu cha mwaka 2011. Mini niliyowapelekea ina i5 ya kizazi cha 7, ya mwaka 2017. Hiyo ni miaka sita ya kazi ya wahandisi, na sisi tumeipima kwa kilo kama dagaa. Prosesa ya lile sanduku imetengenezwa kwa kiwango cha wati 95. Ya mini ina herufi T mwishoni mwa jina lake, maana yake ni wati 35. Hiyo T ndiyo siri yote ya udogo wake: joto ni dogo, kwa hiyo feni ni ndogo, kwa hiyo sanduku ni dogo. Hakuna uchawi wala ujanja wa Wachina.

Tuje kwenye umeme, maana hapa ndipo damu inaponichemka.

Sisi ni watu wa Kigoma. Tumekulia kwenye umeme wa majenereta ya dizeli, tunajua kukatika kwake kama tunavyojua adhana. Mtu wa Kigoma kununua kompyuta bila kuuliza inakula wati ngapi ni sawa na mvuvi kununua mtumbwi bila kutazama kama unavuja. Nina kile kipimo cha kuchomeka ukutani, na nimevipima vyote viwili dukani kwangu. Sanduku la zamani nililokuwa nalo, la rika moja na lile la Kibirizi, lilikuwa linacheza kwenye wati 70 nikichapa barua tu. Mini inacheza kwenye 15, na nikiiacha imekaa bila kazi inashuka hadi 10 hivi. Pigeni hesabu ya saa kumi kwa siku, siku 26 za mwezi. Sanduku linakula unit 18 na kitu. Mini haifikishi hata unit nne. Monita sijaiweka, maana hiyo ni ileile kwa wote. Hizo unit 14 ni zangu, za mwezi mmoja tu, na mwezi unaofuata zinakuja tena.

Lakini Luku siyo hata jambo kubwa. Jambo kubwa ni dakika.

Jioni moja, siku ya mwisho ya vijana kuomba mkopo wa chuo, alikuja mama mmoja wa Ujiji na mwanawe. Walikuwa wameshazunguka, foleni kila mahali. Tumejaza, tumeskani cheti cha kuzaliwa, tunapandisha viambatisho, umeme ukaondoka. Mwanga nzima ikawa giza, mkasikia ule mguno wa mtaa mzima kwa pamoja. Kijana akashika kichwa. Mama yake akanigusa bega.

"Baba, mbona yako haijazimika?"

Haikuzimika kwa sababu mini, monita na kile kiboksi cha intaneti vyote vilikuwa kwenye UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika, ya kawaida, ile ya 650, betri yake wala siyo mpya. Kwenye sanduku la zamani UPS hiyohiyo ilikuwa inanipa dakika sita, ukisali sana saba, muda wa kusevu na kuzima tu. Kwenye mini inanipa karibu nusu saa. Tulimaliza, tukatuma, namba ya kumbukumbu ikatokea kwenye skrini, nikainakili kwa kalamu kwenye kiganja cha yule kijana kwa sababu printa ya leza huwa siichomeki kwenye UPS, inaiua. (Msichomeke printa ya leza kwenye UPS. Nimesema mara ngapi?) Wiki iliyofuata yule mama aliniletea chupa ya mawese. Sanduku kubwa halijawahi kuniletea mawese.

Na usafiri je? Kutoka Dar hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli, na kwa basi mnajua wenyewe. Mini nilikuja nayo imefungwa kwenye shati ndani ya begi la mgongoni. Lile lao lilikuja kwenye buti, likafika rami, vile vipande vya kumbukumbu, zimechomoka na waya mmoja unaning'inia. Mtaniambia hata meli ya Liemba ilikuja Kigoma kwa treni, vipande vipande kwenye makreti, ikaungwa hapahapa na kuingia majini mwaka 1915. Kweli. Ila Liemba ilikuja na mafundi wake.

Haya. Sasa najua kuna wajuaji wameshaanza kuchapa majibu, kwa hiyo niyaseme mwenyewe yale ambayo sipendi kuyasema.

Mini ina udhaifu, na udhaifu wake mkubwa ni chaja. Pawa saplai yake iko nje, kama ya laptopu. Sanduku kubwa la kawaida likiunguza pawa saplai, fundi yeyote wa Gungu anazo tatu juu ya rafu, za watu waliokufa na walio hai, atakubadilishia ukisubiri. Chaja ya mini ikifa, unatafuta ya volti zilezile, wati zilezile na pini ileile, na pini zenyewe ziko za aina aina. Kuna mbaya zaidi. Baadhi ya hivi vidude huwa vinaiuliza chaja: wewe ni wati ngapi? Jibu linapita kwenye pini nyembamba iliyo katikati ya plagi. Ukiweka chaja ya mtaani isiyojua kujibu, mashine inawaka, inatoa onyo ambalo wewe unaliruka bila kusoma, halafu inajipunguza kasi makusudi ili isivute kuliko inachoaminiwa kupewa. Mteja wangu mmoja alinunua SSD, ile disiki ya kasi, akaongeza rami, akapiga Windows upya mara mbili, na mashine bado inakokota miguu. Aliponiletea nikamchomekea chaja yangu. Ikaruka kama mbuzi. Fedha yote ile, na ugonjwa ulikuwa kwenye waya. Kwa hiyo ndiyo, ukinunua mini huku kwetu nunua na chaja ya pili siku hiyohiyo, na hesabu yako ya bei ianzie hapo. Wauzaji wengi hawasemi. Na mimi, nikiri, kwenye kile kikao sikusema.

Feni yake ni ndogo, upana wa kikombe cha kahawa, na vumbi letu halina huruma. Kila mwezi ifungueni. Nyingi ni skrubu moja nyuma na kifuniko kinateleza, siyo kazi ya kuita fundi. Na tafadhali, akina dada wa maofisini, msiivalishe kitambaa cha kufuma. Najua inapendeza. Inapumulia hapo.

Hiyo T niliyoisifia nayo ina gharama yake. Ukitaka kuhariri video za harusi, nenda kanunue sanduku, tena kubwa, lenye nafasi ya kadi ya picha, maana kwenye mini hakuna pa kuichomeka. Sehemu ya DVD haina. Monita yako ya zamani ya plagi ya VGA huenda ikahitaji kebo ya kugeuzia, na za bei ya chini zinakufa baada ya wiki.

Windows 10 imeachwa kuhudumiwa tangu Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kwa utaratibu rasmi inataka Intel kuanzia kizazi cha 8. Kwa hiyo hata hiyo yangu ya kizazi cha 7 haimo kwenye orodha, na mkiwa na hela ya kuongeza chukueni ya 8. Lile sanduku la kizazi cha 2 sijui mtalitetea vipi hapo, lakini karibuni.

Na wizi. Hapo mweka hazina alikuwa na hoja, ingawa aliitoa kama mzaha. Kitu kinachoingia kwenye mkoba wa mke wake kinaingia kwenye mkoba wa mtu yeyote. Ina tundu la kufuli ubavuni. Yangu nimeifunga kwa waya nyuma ya monita, na monita kwenye nondo ya dirisha. Haipendezi. Ipo.

Turudi Kibirizi. Nilipuliza vumbi, nikasukuma rami mpaka zikalia tap, mayai ya mjusi nikayatoa kwa kipande cha risiti. Likawaka, likaanza kunguruma kama mashine ya kusaga, na mwenyekiti akatabasamu: "Umeona? Linafanya kazi." Nikasema nimeona, mzee. Lilikuwa limewashwa dakika tano hivi umeme ukakatika. Hawana UPS, hela iliishia kwenye nauli ya mzigo. Katibu alikuwa ameshaingiza michango ya watu 11. Hakuwa amesevu.

Yule katibu, binti, alinifuata mpaka kwenye bodaboda, akatazama nyuma kwanza.

"Kaka, kile king'amuzi chako bado unacho?"

Ninacho. Bei ni ileile. Chaja ya pili wananunua wao.