Vijana wa C hapa Mbeya, punguzeni system()

Naomba niliseme hili maana naliona mara nyingi nikisoma kodi za vijana wetu, mtu anaandika programu kwa lugha ya C safi kabisa, memori anaiachia vizuri, halafu akifika sehemu ya kutengeneza folda au kuprinti risiti anaunganisha maneno kwa sprintf anayatupa kwenye system(), ile fankisheni ya C inayoendesha komandi ya kompyuta, basi kamaliza. Mi naona hapo ndo kazi yote inaharibika.

Kawaida mkikatazwa system() mnaambiwa habari za wadukuzi, kwamba mtu ataandika jina, semikoloni, halafu rm -rf, komandi ya kufuta mafaili. Na kijana anajisemea ah programu yangu ni ya muuza viazi wa Uyole nani aje anidukue. Haya, tuwaache wadukuzi, chukua majina ya kata zetu tu. Programu inatengeneza folda ya kila kata kwa kuita komandi ya mkdir ndani ya system(), mtumiaji anaandika Mang'oto, ile ya Makete. Ile alama ya ng' kwa sheli ya Linux, yaani programu inayosoma na kuendesha komandi, ni koteshini iliyofunguliwa haikufungwa, inagoma inatoa erra. Hiyo afadhali, umeiona. Sasa andika Ng'ang'ange ya Kilolo! Alama zipo mbili, moja inafungua nyingine inafunga, sheli inazimeza zote, folda inatoka Ngangange na system() inakurudishia 0 kwamba mambo safi. Baadae programu ikitaka kufungua faili ndani ya Ng'ang'ange haikuti kitu, na we unahangaika kutafuta kosa sehemu ambayo halipo. Ukizungushia jina koteshini mojamoja matokeo ni yaleyale, ukiweka zile mbilimbili jina linapita ila alama ya dola bado sheli inaitafsiri.

Sababu ni kwamba system() haiiti mkdir moja kwa moja, inaita /bin/sh -c, ndo sheli yenyewe, na kuipa sentensi yako yote iisome inavyojua yenyewe. popen(), ile ya kuendesha komandi na kusoma majibu yake au kuipa maandishi, nayo hivyohivyo, msidanganyike.

Na kinachoniuma zaidi, mara nyingi hata hiyo komandi haihitajiki. C kwenye Linux ina mkdir() yake, ina rename(), ina remove(), kusoma folda kuna opendir() na readdir(). Zinapokea Ng'ang'ange kama ilivyo. Ikibidi kweli kuita programu nyingine, mfano lp ya kuprinti, tumia fork() ya kuzalisha prosesi mpya na execvp() ya kuendesha programu ndani yake, halafu waitpid() ya kuisubiri imalize, au posix_spawnp(), unapanga maneno kwenye arei inayoishia na NULL na kila neno linafika bila kuguswa maana sheli haipo katikati. Ni mistari kama kumi hivi, iandike mara moja kwenye fankisheni yako uitumie kila mahali.

system("clear") ya kusafisha skrini kwenye zoezi la darasani sina ugomvi nayo, hakuna neno la mtumiaji mle. Ila walimu wetu, mkishaifundisha hiyo msiishie hapo, execvp iingie wiki hiyohiyo, na mazoezi yatumie majina ya huku kwetu yenye ng'.