Soksi ya Mama Jamila

Mimi mtu wa Tanga, baridi nimekutana nayo ukubwani huku Minnesota. Gereji kwangu ninaunda ndege ya viti viwili, mwaka wa nne huu. Haijapaa hata futi moja, lakini mtu imeshamuunguza.

Chini ya bawa kuna pitoti, kimrija cha kupokea upepo ili saa ya kasi isome. Kikizibwa na barafu, rubani hajui anakwenda mbio kiasi gani. Kwa hiyo ndani kuna hita, na hita ina swichi, na swichi inataka mtu wa kuikumbuka. Mimi najijua, nimeshaunguza birika tatu. Nikasema kazi hii aifanye kompyuta. Nikafunga kihisi cha joto, nikaandika programu: ikishuka chini ya nyuzi 5, washa.

Pitoti yenyewe nilikuwa nimeivisha soksi ya sufu ya mke wangu tangu kiangazi, maana nyigu wa huku wakiona tundu wanahamia na vyombo.

Januari, nje nyuzi 20 chini ya sifuri, nikaunga betri nikaingia ndani kunywa chai. Kompyuta ikatii. Sasa, pitoti hupozwa na upepo wa angani. Ikiwashwa imesimama gereji, haina tofauti na pasi.

"Baba Jamila, nani anachoma nywele?"

Nikatoka mbio. Soksi inafuka moshi, king'ora kinalia, nami kwa akili zangu timamu nikaidaka pitoti kwa kiganja.

Mzee jirani, rubani mstaafu, akaja na koleo lake la theluji. Nikamweleza, mkono ndani ya ndoo, kwamba dawa nimeshaipata: naongeza sharti, hita isiwake mpaka ndege ifike maili 40 kwa saa.

"Kasi utaipima kwa nini?"

"Kwa pitoti."

"Na ikizibwa na barafu itasoma ngapi?"

Nikanyamaza. Inaweza kusoma sifuri. Kompyuta itajua tumeegesha, hita itabaki imezimwa, nasi tuko juu ya mawingu. Mzee alicheka mpaka akakalia tairi.

Nikarudisha swichi, nikaibandikia karatasi nyekundu. Mama Jamila akatokea mlangoni na soksi ya pili.

"Na huyu mjane nimpeleke wapi?"